Mlinzi Aliyeipa Mechi Mgongo

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Mei 2010 inauma hadi mifupani, na Fiacre amesimama kwenye lango la maegesho ya magari huko Braamfontein, Johannesburg. Mgongo ukutani, macho kwa watu. Ndivyo walinzi wanavyofundishwa.

Ndivyo alivyosimama pia Juni mwaka jana uwanjani Ellis Park, Marekani ilipocheza fainali ya Kombe la Mabara na Brazil. Mlinzi wa uwanjani hutazama mashabiki. Akigeukia mpira, kazi hana.

"Mechi niliisoma kwenye nyuso," anasema Mrundi huyu wa miaka thelathini na minane. "Mbele yangu walikaa Wamarekani. Mapumziko, mbili bila, wanakumbatiana kama wako harusini. Nikasema, vraiment, kweli kabisa, leo Tania atafurahi."

Tania ni bintiye wa miaka kumi. Yuko Kentucky na mama yake, Spès. Fiacre aliwaacha katika kambi ya wakimbizi Tanzania akaja Johannesburg kutafuta riziki, na siku maofisa walipoita majina ya wanaohamia Marekani, hakuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mke na mtoto wakaondoka. Faili lake, anaambiwa, bado linashughulikiwa. Huu mwaka wa tatu.

Kiswahili cha Tania kinapukutika huko. Mpira ndio uliobaki kati yao, naye alimwomba jambo moja tu: "Baba, nitazamie timu yangu."

Kipindi cha pili nyuso zikaanza kusinyaa. Brazil moja. Brazil mbili. Mzee mmoja aliyejichora bendera mashavuni akaanza kulia, rangi zikamchirizika hadi shingoni. Dakika ya themanini na nne uwanja ukalipuka, na Fiacre akashindwa kuvumilia. Akageuka.

"Nikakuta mpira umo wavuni. Nilichoona ni hicho tu, goli la tatu la Brazil."

Msimamizi naye alimwona. "Akaniambia, 'Eish, bra, umekuja kulinda ama kutazama?'" Akavuliwa kizibao cha ulinzi na kufukuzwa kazi kabla ya filimbi ya mwisho. Sasa anapata randi 1,800 kwa mwezi, na chumba cha kuchangia Joubert Park kinameza nusu.

Lakini kinachomkondesha si mshahara. "Tania aliniuliza magoli yao mawili yalikuwaje. Nikamwambia sikuyaona. Akampa mama yake simu." Tangu siku hiyo simu zimekuwa za kuhesabika.

Juni 18 Marekani inarudi palepale Ellis Park, safari hii kwa Kombe la Dunia, dhidi ya Slovenia. Fiacre ameshanunua tiketi ya randi 140, kiti cha juu kabisa. Anaitoa mfukoni, anaifuta kwa kiganja, anairudisha.

"Wafungwe, washinde, nitakaa nikiutazama uwanja. Nitamsimulia yote tangu filimbi ya kwanza," anasema, akimfungulia lango dereva wa kwanza. "Akipokea simu."