Rehani Isiyokombolewa

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya wiki ya pili ya Machi mwaka juzi, shemeji yangu aliegesha pikipiki mbele ya karakana yangu hapa Chuno, akazima injini, akabaki amekaa juu yake. Saa naijua kwa sababu huandika muda kila mzani unapoingia, na nilikuwa nimetoka kuandika mzani wa chama cha msingi uliokuwa unaficha gramu mia nne kwa kila gunia la korosho. Mwenye habari nyepesi hushuka upesi. Yeye hakushuka.

Ni kaka yake mke wangu, mkulima wa Mpapura. Mimi nimetoka mkoa mwingine nikaoa huku, na tangu siku ya harusi tunaitana mlamu, kama desturi ya kusini.

"Mlamu," alisema, "wewe unasoma vitabu. Opsheni ni kitu gani?"

Nilimwomba arudie. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, ina mchoro wa kalamu ya risasi. Mama mmoja kutoka Dar alikuwa amekaa Mpapura siku mbili, kwa ndugu yake mwalimu, akawaeleza watu kuhusu hisa za makampuni yaliyoorodheshwa kwenye masoko ya nje. Si kununua hisa zenyewe. Kununua haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyopangwa leo.

"Hesabu zinapanda mara tatu kwa miezi mitatu," alisema. "Ila nataka kujua kama ni kamari. Kamari sitaki, unajua."

"Na mikorosho ya mama?" niliuliza.

"Mikorosho ipo palepale. Nitakomboa kabla ya maua. Wewe pima kwanza huyu mama."

Hapo inabidi nieleze kuhusu mikorosho hiyo. Mama mkwe wangu alipofariki aliacha mikorosho arobaini. Miaka minne kabla ya asubuhi ile, mke wa shemeji alifanyiwa upasuaji, na shemeji akaiweka rehani kwa jirani kwa shilingi milioni mbili na laki nane. Rehani ya huku haina maandishi mengi. Mwenye fedha hutoa fedha, huchukua shamba, huvuna kila msimu. Siku mwenye shamba atakaporudisha kiasi kilekile, bila nyongeza wala pungufu, anapewa mikorosho yake, na kila mmoja anaondoka na chake. Sharti ni moja tu: ukomboe kabla ya maua. Maua yakitoka shamba likiwa mkononi mwa mshika rehani, mavuno ya msimu huo ni yake. Misimu minne mke wangu alikuwa akipita kando ya shamba la mama yake anaona watu wengine wanaokota korosho, na akifika nyumbani haongei mpaka jioni.

Kwa hiyo nilijua fedha za korosho zilipolipwa msimu ule zilikuwa na kazi gani. Sikumuuliza zaidi. Mfuko wa kaka wa mkeo hauhesabiwi, hata akiwa ameketi karakanani kwako. Niliamini anazo za kukomboa na anazo nyingine za kujaribia.

Mzani wa jukwaa hupimwa kwa kuweka jiwe lilelile la kilo ishirini kwenye kona zote nne. Ukisoma sawa katikati lakini kona moja ikasoma tofauti, mzani huo una jambo. Yule mama nilimpima hivyohivyo.

Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba ya wageni alikofikia mjini. Alikuwa na miwani, faili la plastiki, na utulivu ambao sikuupenda. Nilichukua jina la kampuni yake ya udalali, nikatafuta mwenyewe namba ya ofisi, sio ile aliyonipa, nikapiga. Wakamjua. Nikapiga kwa wasimamizi wa masoko ya mitaji kuuliza. Soko letu la Dar wakati ule halikuwa linauza haki za namna hiyo, waliniambia. Lakini kampuni hiyo walikuwa wanaifahamu. Niliandika jina la aliyenijibu na saa aliyojibu. Siku nne baadaye nikarudi kwa yule mama na maswali yaleyale, nimeyapanga upya, nione kama majibu yatahama. Hayakuhama. Nikamuuliza fedha zinaingia akaunti ya nani. Ya mteja mwenyewe, jina lake. Nikamuuliza wanaonunua haki hizi wengi hupata au hukosa.

"Wengi hukosa, fundi," alisema.

Jibu hilo lilinikera kuliko uongo. Tapeli hakwambii hivyo. Nilirudi nyumbani nikimshuku zaidi, kwa sababu sikuwa na pa kumshikia.

Alinipa mkataba wa kurasa tisa, kwa Kiingereza. Nilikaa nao na kamusi jioni sita. Ukiondoa maneno yake marefu, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Hisa ya kampuni ile, kwa shilingi zetu, ilikuwa elfu tisini na nane. Mnunuzi anapata haki ya kuinunua kwa laki moja, siku yoyote mpaka tarehe kumi na tisa Juni. Kwa haki hiyo analipa elfu saba kwa kila hisa, na mkataba mmoja ni hisa mia moja, yaani laki saba. Hisa ikifika laki moja na elfu kumi na nne, haki ina thamani ya elfu kumi na nne, mara mbili ya alicholipa. Ikiishia laki moja na elfu saba, amerudisha chake tu. Ikiishia chini ya laki moja, haki inakufa pamoja na siku yake, na ile elfu saba inabaki kwa aliyeuza. Hilo liliandikwa ukurasa wa nne, aya ya pili. Nililipigia mstari.

Shemeji alirudi wiki ile. Tulikaa uani, mke wangu akipepeta mchele karibu yetu.

"Umempima?"

"Nimempima. Yeye ni mkweli. Kampuni ipo, fedha zinakaa kwa jina lako."

"Siku kumi na mbili kumpima mtu mmoja," alisema. "Dada, huyu mwanaume wako hata wewe alikupima kwa mawe kabla ya kukuoa."

"Alinipima," mke wangu alijibu bila kuinua macho. "Mzani ukavunjika, akaona aibu kurudisha."

Tukacheka. Kisha nikamweleza kwa ufupi, na nayakumbuka maneno yangu kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Hulazimiki kununua zile hisa. Siku ikifika, ukiona bei si nzuri, unaacha. Huna deni na mtu."

"Kila mtu na chake," alisema.

"Ndiyo," nilisema. Nilidhani anarudia nilichosema.

Alinunua. Mikataba mingapi, sikumuuliza. Kila siku saa mbili usiku nilikuwa natazama bei ya hisa ile kwenye simu na kuiandika daftarini, kwa kuwa nimezoea kuandika vitu. Aprili ilishuka kidogo. Mei ikapanda. Mwanzoni mwa Juni ilivuka laki moja. Nilimtumia ujumbe: imevuka. Akanijibu kwa neno moja, alhamdulillah.

Tarehe kumi Juni niliitwa Mpapura kukagua mizani ya chama kabla ya msimu. Kazi ilipoisha nilipitia kwa shemeji. Alikuwa kwenye shamba lake linalopakana na lile la mama, anakagua vichipukizi. Chini ya mti kulikuwa na mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu wa mikorosho, mingi kuliko mahitaji ya shamba lake.

"Hii yote ya nani?"

"Nusu ni ya mikorosho ya mama. Nikishaikomboa tu, napuliza siku hiyohiyo."

Nilisimama. "Hujaikomboa?"

"Nasubiri tarehe kumi na tisa."

"Fedha za kukomboa ziko wapi, mlamu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si ndizo zile nilizonunulia. Mikataba minne. Milioni mbili na laki nane, na elfu sitini za yule mama, za kununua na kuuza. Bei imepanda, umeniambia wewe. Na isingepanda pia ningekwenda tu kuchukua hela yangu nikakomboe. Kwani rehani inapotea?"

Nilikaa juu ya mfuko wa salfa. Niliona kona ambayo sikuiwekea jiwe. Nilikuwa nimempima yule mama, kampuni, ofisi, mkataba, vyote. Mtu aliyesimama mbele yangu sikumuuliza ameelewa nini. Kwake yeye, kutoa fedha upate haki juu ya mali ya mtu ni kushika rehani. Ukiacha, mali inarudi kwa mwenyewe, fedha inarudi kwako. Amekulia humo, baba yake alikulia humo. Na mimi nilikuwa nimemwambia, kwa mdomo wangu, ukiacha huna deni na mtu.

"Ile hairudi," nilisema.

"Hairudi vipi?"

"Ile elfu saba kwa kila hisa ni bei. Umenunua, umelipa. Leo hisa ni laki moja na elfu moja. Tarehe kumi na tisa ikibaki hapohapo, haki yako itakuwa na thamani ya elfu moja. Elfu sita zimekwenda."

"Lakini imepanda."

"Imepanda. Haijafika laki moja na elfu saba."

Alitazama matawi. Niliona bado anatafuta mahali nilipokosea, nami nikatafuta pamoja naye njia ya kusema.

"Yule jirani," nilisema, "akishika mikorosho mwezi wa tisa, mavuno yakiwa yameshakuwa yake, si sawa na kuishika leo, siku chache kabla ya maua. Ukimwambia mtu ainunue nafasi yake leo, atampa kiasi kilekile?"

"Nani atampa? Siku zimekwisha."

"Na yako hivyohivyo. Kila siku inayopita, inapungua. Baada ya tarehe kumi na tisa haipo."

Alikaa chini, kwenye mchanga. "Kwa hiyo nilinunua siku," alisema. "Za mikorosho ya mama yangu." Kisha: "Dada yako anajua?" Alimaanisha mke wangu, akikasirika humwita dada yangu.

"Hajui."

Jambo moja nilikuwa nimelisoma na kuliacha likalala: haki inayouzwa sokoni inaweza kuuzwa tena sokoni kabla ya siku yake. Huhitaji kusubiri ife. Nilimpigia yule mama. Alipokea kwenye mlio wa pili, na hata hilo nililishuku.

"Leo inauzwa elfu tatu kwa kila hisa," alisema. "Zimebaki siku tisa. Hisa ikipanda sana itaongezeka. Isipopanda, kesho itakuwa chini ya hapo."

Shemeji alikuwa ameegemeza sikio kwenye simu. "Ikipanda sana?" alininong'oneza.

"Ndiyo swali lililokuleta hapa," nilimwambia. Nikatazama vichipukizi juu yetu. "Utaamua wewe. Mimi nimekosea mara moja, sitaamua."

Alitazama mifuko ya salfa. "Auze," alisema.

Kabla ya kukata simu nilimuuliza yule mama kama alimwambia shemeji kwamba fedha ile hairudi.

"Ukurasa wa nne, fundi. Na wewe uliusoma, mkataba ulinirudia na mstari wako wa kalamu."

Mpaka leo sijamaliza kumfikiria. Hakudanganya hata mara moja. Lakini mtu aliyekaa Mpapura siku mbili, akala kwenye nyumba za watu, hawezi kukosa kusikia neno rehani. Sijui kama alisikia akanyamaza. Jiwe la kupimia hilo sina.

Mikataba minne ilirudisha milioni moja na laki mbili. Ili kukomboa ilipungua milioni moja na laki sita. Usiku ule nilimweleza mke wangu yote, na sehemu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: zile laki nane nilizoweka kwa ajili ya seti mpya ya mawe ya kupimia bado zipo? Nikasema zipo. Akasema, basi.

Shemeji hakutaka kuzipokea. Alisema kosa ni lake.

"Ni letu," nilisema. "Wewe ulielewa kwa desturi yako, mimi nikakuacha."

"Basi usiniletee tena mtu uliyempima," alisema, na huo ndio ulikuwa utani wa kwanza tangu shambani.

Aliuza pikipiki kwa laki nane. Jumapili tulikwenda kwa jirani, mimi, yeye na mke wangu, kwa miguu kutoka kituoni. Jirani alihesabu fedha, akasimama, akatuongoza shambani tupokee mti mmoja mmoja. Thelathini na tisa ilikuwa na vichipukizi vilivyofungwa. Wa arobaini, ule wa pembeni kabisa upande wa barabara, ulikuwa na shada moja lililofunguka, maua madogo ya rangi ya waridi.

Jirani aliligusa kwa kidole. "Huu mavuno yangu," alisema.

Hakuna aliyebisha, ndiyo desturi. Mke wangu alikuwa ameshaingia katikati ya mikorosho mingine, anaokota matawi makavu. Shemeji alikwenda kuchukua salfa.

Jioni nilifungua ukurasa wa daftari niliokuwa naandikia bei ya hisa, nikaufunga kwa mstari mmoja. Ukiacha mavuno ya mti wa pembeni, ambayo sikuweza kuyapima, hasara ya shemeji ilikuwa laki nane na elfu sitini, yangu laki nane. Jumla, shilingi milioni moja, laki sita na elfu sitini.