Kamba ya Nne

Kila asubuhi bendera inapopandishwa hapa shuleni kwetu Rwamishenye, kapi iliyo juu ya mlingoti hulia kama kifaranga aliyeachwa na mama yake. Mwalimu mkuu ameniagiza mara tatu niitafutie grisi, na mara tatu nimemwambia nimesahau. Ninyi nawaambia ukweli: sijasahau. Naipenda sauti ile. Ikilia tu, pua yangu inapata harufu ya ndizi mbichi zilizokatwa alfajiri, utomvu wake ukiwa bado unadondoka, nami narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimekaa mbele kabisa ya mtumbwi wa mama yangu huko mwaloni kwetu Muleba, ufukweni mwa ziwa.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mbao, wenye mlingoti mmoja na tanga lenye viraka vingi kuliko kitambaa chake cha kwanza. Baba alikuwa akipakia ndizi na kuwapelekea wavuvi wa kisiwani Bumbire. Nilipokuwa na miaka minane, ziwa likamchukua. Ndivyo wakubwa walivyotuambia, ziwa limemchukua, na sisi watoto hatukuongezewa neno. Mama, ambaye tulimwita Mae, alibaki na watoto wanne, kibanja kisichotosha kutulisha, na mtumbwi ule.

Baba mdogo, mdogo wake Baba, alitaka mtumbwi uende kwake. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alikuja jioni moja, akaketi, akala akamaliza, ndipo akalileta jambo lake kwa upole. Kwetu mwanamke haruki chakula cha watu. Mkungu uliorukwa na mwanamke haupati mnunuzi, hata uwe mnono namna gani. Na katika mtumbwi ule mikungu ilijaa katikati kutoka ubavu hadi ubavu. Anayeongoza alikaa nyuma, na kamba ya kushushia tanga ilifungwa kwenye mlingoti, mbele ya shehena.

"Shemeji, sikukatazi kushika kafi," alisema. "Lakini upepo ukikaza utakwenda kushusha tanga, na utaruka ndizi za watu. Utamuuzia nani?"

Mae alijibu kwa heshima kwamba amesikia, waitu. Siku zile nilidhani mtu mzima akisema amesikia, basi amekubali.

Jumapili iliyofuata, misa ilikwisha na Mae hakutoka kanisani. Wamama wenzake walipomwona amesimama peke yake, ameinua uso juu, walipita kwa kunyata, wakaambizana kwamba maskini anamwombea marehemu. Mimi niliyemshika mkono niliona anachokitazama. Alikuwa anatazama kamba ya kengele. Ilishuka kutoka mnarani, ikapita kwenye kapi, ikageuka, ikafuata ukuta hadi chumba cha nyuma, ambako mzee mpiga kengele aliivuta akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mae alimwomba aivute tena aone. Siku ile watu wa kigango chetu walisikia kengele ya misa ambayo haikuwepo, na wawili watatu walirudi mbio.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Bukoba mjini kununua kapi tatu. Moja aliifunga juu ya mlingoti, mbili chini kwenye shina lake. Kamba ya kupandishia tanga ikashuka, ikageukia kwenye kapi ya chini, ikapita ndani ya pete za chuma alizozipigilia ubavuni, ikafika nyuma anapokaa. Ya pili ilikuwa ya kulivuta tanga chini, kwa sababu upepo ukilijaza haliteremki kwa hiari yake. Nayo ikapita njia hiyohiyo. Ya tatu, ya kushikilia kona ya tanga, ilikuwa huko nyuma tangu zamani. Zote tatu akazifunga kwenye vigingi karibu na goti lake.

Siku ya kwanza ya majaribio watu walijaa mwaloni. Baba mdogo alipanda kuwa shahidi, akaketi chini ya mlingoti na shati lake la kanisani. Mae akaondoka vizuri, akageuka vizuri, kisha akataka kulegeza kona ya tanga. Kamba zote tatu zilikuwa za nailoni, zote za buluu. Akafungua isiyo yenyewe, na tanga zima likamwangukia Baba mdogo, akabaki anapapasa humo ndani kama kuku aliyefunikwa tenga. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipouona uso wa Mae.

Usiku ule nilihisi kwamba mtumbwi umeshatutoka, nikalia ndani ya blanketi. Asubuhi nilimkuta Mae uani na kamba zake. Ya kupandishia alikuwa ameizungushia nyuzi kavu za mgomba, ya kuvutia chini ameifunga vitambaa vya kitenge, ya kona ameipiga mafundo. "Nimezivalisha," alisema. "Sasa mkono utazijua, macho yabaki ziwani."

Ndipo aliponipa kazi. Nikae mbele, nimwangalizie mawe na nyavu za watu. Na kwa kuwa upepo hula maneno, alinifunga kiunoni kamba ya nne. Akiivuta mara moja, nitazame kulia. Mara mbili, kushoto. Mara tatu, nile muhogo wangu. Niliringa kupita kiasi. Nilijiona nahodha mwenza, mwenye simu yake binafsi, na wadogo zangu waliokaa nchi kavu niliwahurumia.

Safari ya kwanza ya kweli, Baba mdogo alikuwa tena shahidi. Tulikuwa tumekaribia kisiwa pale ziwa lilipobadilika rangi upande wa kusini. Upepo ulitupiga ubavuni, mtumbwi ukalala, maji yakaingia, na nikamsikia Baba mdogo akimwita marehemu kaka yake kwa jina. Niligeuka. Mae alikuwa amekaa palepale. Hakutazama mkono wake hata kidogo. Ulipapasa nyuzi za mgomba, ukaziachia. Ukapapasa kitenge, ukavuta. Tanga likateremka, mtumbwi ukainuka. Kisha kamba yangu ikavutwa mara tatu, nikala muhogo.

Kisiwani Baba mdogo aliikagua mikungu mmoja mmoja, na hakuna uliorukwa. Akawaambia wavuvi, bila kuulizwa, kwamba nahodha ni shemeji yake. Mae aliendesha mtumbwi ule hadi nilipomaliza chuo cha ualimu.

Mwaka jana Baba mdogo, sasa mzee sana, alinieleza kile ambacho hakuna aliyetuambia. Siku Baba alipokufa, yeye ndiye aliyekuwa nyuma ameshika kafi. Upepo ulikaza, Baba akakimbia juu ya mikungu kwenda kushusha tanga, mtumbwi ukalala, akateleza. Hapakuwa na kamba karibu ya kumtupia. Nilimsikiliza nikaona jambo moja ambalo mtoto asingeliona: jioni ile nyumbani kwetu, yeye na Mae walizungumza habari za ndizi, na wote wawili walikuwa wanamzungumzia Baba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mae, anakoishi sasa Kagondo. Nikamuuliza kuhusu kamba ya nne, ile simu yangu. Akaniambia nichungulie uvunguni. Mtumbwi aliuuza na kamba zake tatu, lakini ya nne ilikuwa pale, imekunjwa vizuri, na mafundo yake hayajafunguliwa. Miaka yote niliamini kwamba upande wa pili ilifungwa kwenye kigingi kama zile nyingine. Ilikuwa na vitanzi viwili, kimoja kila ncha, kidogo na kikubwa. Nikajaribu kukivaa kile kidogo. Kikakwama mabegani, na Mae akacheka kwamba ualimu umeninenepesha. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa nimekishika kile kikubwa, nakitazama.

"Hicho bado kinanitosha," akasema.