Kikopo cha Marhamu Nyeusi

Ugonjwa wangu ulikuwa mahali ambapo mtu hamwonyeshi hata mama yake mzazi. Kwa sababu hiyo niliubeba peke yangu kwa muda mrefu. Nataka kuueleza sasa, nikiwa mzee na aibu imenipungua, maana walionisaidia wote wamekwisha kufa, na nisipowashukuru mimi sioni mwingine atakayewashukuru.

Ilikuwa zama za Wadachi. Reli yao ilikuwa imetoka pwani na inasogea kuja Dodoma, na mume wangu alikuwa amekwenda kuponda kokoto kwenye kambi moja ya njia hiyo. Mimi nilibaki kwao, upande wa Ihumwa, katika tembe la mama yake. Baba mkwe alikwisha fariki, kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili na mifugo michache. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto, wa kike, alizaliwa kiangazi, wakati ng'ombe wamekonda na maji yanapatikana kwa kuchimba mchanga wa korongo.

Uzazi wenyewe ulikwenda salama. Taabu ilianza baadaye. Choo kilinifunga, na siku kilipotoka nilihisi nimechanika kama kaniki kuukuu. Niliona damu nikadhani bado ni ya uzazi. Lakini mambo yakawa hayohayo kila nilipokwenda haja kubwa: maumivu kama ya kisu, na hayakuisha niliposimama. Yalikaa nami mpaka jua linapanda, yakinichoma huku natwanga, huku nanyonyesha. Niliposhika kwa kidole nilikuta ufa mdogo tu, kama ule wa midomo wakati wa upepo wa baridi. Sikuelewa ufa mdogo vile unawezaje kumliza mtu mzima.

Nikatafuta njia yangu ya kipumbavu. Niliona kwamba nisipokula sana sitakwenda choo sana. Basi ugali wa uwele ukiletwa, namega matonge mawili, nasema nimeshiba. Maji nayo sikunywa ovyo, kwa kuwa yalikuwa haba na niliona haya kumaliza mtungi ambao mama mkwe ameuteka kwa jasho. Kwa hiyo choo kikazidi kuwa kigumu, na ufa ukazidi kuchanika. Kisha maziwa yakaanza kukauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkali kidogo, asiyependa maneno mengi. Nilimwogopa. Asubuhi moja alinikuta nyuma ya zizi nimeinama, nimeshika mti, natetemeka. Alisimama mbali kidogo.

"Mwanangu," alisema, "chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, mama."

"Basi mimi nina nini? Mtoto analia njaa na mama yake hali. Watu watasema nakunyima. Kama hunitaki, niambie nikurudishe kwenu kwa heshima."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaona afadhali aibu ya mwili kuliko aibu hiyo nyingine, nikamwambia. Nilimweleza huku nimempa mgongo, kwa maneno ya kuzungukazunguka. Nilipogeuka nikamkuta ameketi chini, amejishika shavu.

"Hilo lilinipata kwa mtoto wangu wa tatu," alisema. "Nilidhani nimelogwa. Mbona hukusema?"

"Niliona haya, mama."

"Hata mimi niliona haya. Nilikaa nalo mwaka mzima."

Siku ile ile alinipikia mlenda mlaini, ule unaovutika, akanisimamia mpaka nikamaliza bakuli. Akachukua samli akaniambia nipake kabla na baada ya kwenda haja. Samli ilisaidia. Choo kilipita kwa urahisi zaidi, lakini ufa haukufunga. Ulikuwa umekwisha kuwa na kingo ngumu, na kila ukikaribia kupona, unafunguka upya. Baada ya wiki kadhaa mama mkwe akasema, "Kesho tunakwenda Mvumi. Kuna Mzungu mwanamke pale misheni anatibu wanawake."

Tulitoka kabla ya jua. Yeye alimbeba mtoto mgongoni njia nzima, na kila nilipoomba kupumzika alijifanya yeye ndiye aliyechoka. Tulifika jua likiwa limeinama. Yule bibi wa misheni alikuwa mfupi, mwekundu usoni, na Kigogo chake kilikuwa cha kuchekesha, lakini alikisema bila kuona haya, na labda ndicho kilichonipa moyo. Alinipeleka nyuma ya pazia la shuka, akaniambia nilale ubavu, akatazama. Mama mkwe alisimama upande wa kichwa changu akanifunika macho kwa kiganja chake, kama mtoto anayechinjiwa mbuzi mbele yake.

"Ni mpasuko," bibi alisema. "Hujalogwa wala hukufanya kosa. Wanawake wengi wanaupata, na wanaume pia, ila hawasemi."

Alinipa kikopo cha bati chenye marhamu nyeusi, nzito, inayonuka kama moshi wa lami. Akaeleza: nikalie maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nijikaushe, kisha nipake kidogo kwa ncha ya kidole, nje na ndani kidogo, asubuhi na jioni na kila nitokapo chooni.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Muda mrefu. Huu wako ni wa zamani. Utaona umepona, nawe hujapona. Usiache kupaka kwa sababu maumivu yameacha. Na unywe maji. Maji mengi, kila siku."

Hapo mimi na mama mkwe tulitazamana. Maji mengi! Kiangazi kile, upande wetu, watu walikuwa wanakaa korongoni nusu ya asubuhi wakingojea kata moja ijae. Bibi aliuona uso wangu, na nadhani alifahamu, kwa sababu Mvumi nako hakukuwa na mito ya kujivunia. Alirudia tu, polepole, "Maji."

Njiani tukirudi sikuthubutu kulizungumza. Mama mkwe ndiye aliyelitaja, bila kugeuka.

"Maji nitayatafuta mimi," alisema. "Wewe nyonyesha na upake dawa."

Na aliyatafuta. Toka siku hiyo aliondoka mapema kuliko wanawake wote, akachimba shimo lake mbali zaidi kwenye korongo, mahali ambapo wengine hawakuwa na nguvu ya kwenda. Alirudi na mtungi kichwani na kibuyu mkononi. Mtungi ulikuwa wa nyumba, kibuyu kilikuwa changu. Alikitua karibu na miguu yangu akaenda zake. Nilijaribu kumwachia nusu, alikataa. Maji niliyokalia sikuyamwaga. Tulilowanishia udongo wa kukandika kuta, na mwaka ule tembe letu lilikandikwa vizuri kuliko yote.

Marhamu ile ilinuka. Ilinuka kwenye nguo zangu, kwenye ngozi ya kulalia, hata mtoto alinuka. Jirani mmoja alifika akavuta pua, akauliza tunachoma nini. Mama mkwe akamjibu, "Mtoto ana upele," akabadilisha mazungumzo. Lakini mimi niliipenda harufu ile. Kila nikiisikia nilijua sehemu mbaya ya siku imepita. Maumivu yalipungua kwanza kwa urefu: badala ya kukaa mpaka jua la utosi, yakawa yanaondoka nikiwa bado nafagia. Damu ikawa ya kudondoka, kisha ya kuchafua jani la kujifutia tu, kisha hamna. Nikaanza kula. Maziwa yakarudi, na mtoto akanenepa mashavu.

Hapo nikafanya kile nilichoonywa. Nikaona nimepona, nikaweka kikopo juu ya dari nikakisahau. Haikupita muda, baada ya karamu ya arusi ambayo nilikula nyama nyingi na kunywa kidogo, ufa ukafunguka kama siku ya kwanza. Nililia kwa hasira kuliko maumivu. Mama mkwe hakunigombeza. Alikishusha kikopo, akakipangusa vumbi, akanipa.

Basi hivyo ndivyo nilivyoishi, nikipona na kurudi, na kwenda Mvumi kila marhamu ilipokwisha. Pale misheni wagonjwa walingoja sana, na barazani palikuwa na watu wakifundishwa kusoma. Nilikaa nikisikiliza, na kwa kuwa kukaa kuliniuma nilisimama nyuma yao, na kwa kusimama nikaziona herufi juu ya vichwa vyao. Kiswahili hiki ninachoandika nilianza kukiokota pale. Sijui kama ningepata kusoma ningekuwa mzima.

Mvua zilipokuja zilikuwa kubwa, makorongo yakajaa, na njia ya Mvumi ikafungwa. Marhamu ikaisha. Siku zizo hizo mume wangu akarudi kutoka kambini kwa mapumziko. Alifurahi kumwona mtoto, akamrusha juu, akacheka. Lakini mimi nilikuwa ninamkwepa, nikimgeuzia mgongo, na siku ya tatu akaniuliza, tukiwa shambani, kama kuna mtu mwingine.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Kuna kidonda."

Nikamweleza yote. Safari hii sikuzungusha maneno, kwa kuwa nilikwisha kuyazoea. Alisikiliza huku anachimbachimba udongo kwa ncha ya jembe. Kisha akauliza jambo moja tu: "Kinauma sasa hivi?"

"Kinauma."

Alikatiza mapumziko yake akarudi kambini, akisema anakwenda kuitafuta dawa. Kilichotokea huko nilikipata baadaye kwa kinywa chake, na alikisimulia huku amekunja uso kama mtu anayemeza kitu kichungu.

Kambini palikuwa na mtu wa dawa, mzee kutoka pwani, na amri ilikuwa dawa ni ya wafanyakazi wa reli tu. Wake na watoto hawamo. Mume wangu alipanga mstari na wenziwe, na zamu yake ilipofika akasema, "Shikamoo, mzee. Nina mpasuko kwenye njia ya haja kubwa."

"Marahaba. Nani anao?"

"Mimi."

"Vua, inama."

Mume wangu alikuwa mtu wa haya kuliko mimi. Alivua akainama, na wenziwe wako mlangoni wanasikia kila neno. Mzee alitazama.

"Mbona sioni kidonda?"

"Kiko ndani sana."

Mzee akazunguka mbele akamtazama usoni. Akamwambia avae. Kisha akatoa kikopo cha marhamu nyeupe, akakijaza mpaka juu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kidonda chako kiambie kisibebe mizigo mizito, na kinywe uji wa asubuhi. Kikiisha, njoo tena. Safari nyingine hutavua."

Wenziwe walimpa jina la utani ambalo sitaliandika. Lilimfuata kambi hadi kambi, mpaka reli ilipopita Dodoma na kuendelea magharibi, na hakupata kuwaambia hata mmoja kwamba kidonda hakikuwa chake. Nilimsihi aseme. Alijibu, "Wakijua ni wewe watakusema wewe. Mimi niko mbali, waache wacheke." Kila mwezi aliniletea kikopo mwenyewe au kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja upande wetu. Marhamu ile nyeupe haikunuka kabisa, na ilikuwa laini. Nilipaka ya mzee wa kambi wakati wa mvua na ya bibi wa Mvumi wakati wa kiangazi, na sikuacha tena kwa sababu maumivu yameacha.

Nilipaka hivyo mpaka binti yangu akaanza kuchunga ndama. Sina siku ninayoweza kuinyooshea kidole nikasema hapa ndipo nilipopona. Kidogo kidogo nilipaka mara moja badala ya mbili, kisha siku moja moja, kisha nilipohisi ukavu tu. Kingo ngumu zililainika. Ulibaki mkunjo mdogo wa ngozi, na upo mpaka leo.

Nilipopata mimba ya pili niliogopa hata nikakonda. Mama mkwe alikuwa ameanza kuzeeka, magoti yanamsumbua, na korongoni sasa nilikwenda mimi. Lakini mlenda alipika mwenyewe, na kila jioni aliniuliza nimekunywa mara ngapi, nikiwa na majibu mabaya ananisimamia mpaka ninywe. Mtoto wa kiume alizaliwa. Siku ya nne nilikwenda nyuma ya zizi nikiwa nimebana meno, na choo kikapita bila maumivu wala damu. Nilirudi nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni, amejishikiza kwenye mwimo.

"Je?" akauliza.

"Salama, mama."

Akaketi palepale kizingitini akaanza kuimba, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akiimba.

Mwaka uliofuata, kabla vita havijaja na kuwatawanya watu wa misheni, nilikwenda Mvumi nikiwa sina ugonjwa. Nilichukua kibuyu cha asali ya maua ya miti ya miiba. Bibi alikuwa anafunga mguu wa mtu aliyeanguka mtini, akaniambia bila kuinua kichwa, "Nyuma ya pazia, nakuja."

"Siumwi," nikasema. "Nimekuja kukuamkia."

Aliinua kichwa, akanitazama, akafikiri, kisha akanitambua. Alinionyesha benchi la mbao lililokuwa barazani, gumu, bila mto. Nikakaa. Aliendelea na kazi yake, na mimi nilikaa pale nikizungumza na yule mtu wa mguu habari za mvua na mashamba, hata jua likapinda, na hakuna aliyeniona nikigeuka upande kwa maumivu.