Kurasa Sita za Mbalamwezi

Barua ya kongamano ilisema kurasa sita. Mstari mmoja ukimwagikia ukurasa wa saba, mfumo wao unalikataa andiko lote. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwangu Buswelu, nikaruka kama mtoto, na maharage yakaungua.

Nilikuwa na haki ya kuruka jamani. Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa unakata roho. Mkuu wa idara, mtu mpole asiyependa kurudia maneno, alishaniambia wazi: ukiwa na andiko lililopokelewa kwenye kongamano la maana, nitakuwa na la kuwaambia wakubwa, usipokuwa nalo, sina. Sasa wapitiaji walikuwa wamelikubali. Kilichobaki ni kusahihisha walichosema, kulibana liingie kwenye kurasa zao sita, na kulituma.

Andiko lilihusu wanawake wanaokausha dagaa mwaloni, ufukweni pale boti zinaposhusha samaki. Mwalo nilioufanyia kazi uko ng'ambo ya Kigongo, na niliuchagua kwa sababu nilizaliwa hapo. Mama yangu anakausha dagaa hapo mpaka leo. Kwenye andiko sikuliandika hilo, niliandika tu "mwalo mmoja wa kusini mwa ziwa." Mtafiti hatakiwi kuonekana ana mama.

Nilikwenda mara tatu. Kila safari nilipiga simu kwanza, kwa adabu: "Mama, nije lini?" Naye aliwauliza wenzake, kisha ananijibu, "Njoo wiki ijayo, tutakuwa na nafasi." Na kweli walikuwa nayo. Niliwakuta wameoga, wamevaa vitenge vyao vizuri, wametandika mkeka, chai iko tayari. Nilimuuliza kila mmoja, kama nilivyofundishwa: katika siku saba zilizopita, umekausha dagaa siku ngapi? Walijibu bila kuficha. Siku moja. Hakuna. Siku mbili, tena kidogo tu. Nikarudi mjini nikajumlisha, nikaona kwamba wanawake wa dagaa, ambao kila mtu anadhani wanachoka, siku nyingi wamekaa tu. Nikapendekeza wafundishwe matumizi bora ya muda. Mpitiaji mmoja aliandika kwamba matokeo hayo yanashangaza. Mwingine alisema picha yangu, ile ya wanawake kumi wamenyoosha miguu mkekani, ndiyo roho ya andiko lote.

Jumatano ya wiki ya kutuma, mama alikuja kwangu kuonana na daktari wa macho. Alhamisi mchana tulikuwa wawili sebuleni, mimi nahangaika na orodha ya marejeo, yeye anachambua mchele kwenye ungo. Akaniuliza, "Hicho unachokipigapiga tangu jana ndiyo kile ulichokuja kutuuliza?"

"Ndiyo chenyewe mama. Kimekubaliwa."

"Hebu nisomee nisikie tumesemwaje."

Nilivimba kichwa. Nikaanza kumsomea, nikitoa Kiingereza naweka Kiswahili, taratibu, kwa sauti yangu ya darasani. Mwanzoni alikuwa anaitikia, mh, mh. Nilipofika kwenye matokeo akaacha kuitikia. Nikainua macho. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

"Hapo," alisema. "Hebu rudia hapo."

Nikarudia. Siku nyingi hawana kazi. Akacheka, tena kicheko kikubwa cha mwaloni, mpaka punje za mchele zikaruka. Mimi nami nikacheka ingawa sikujua tunacheka nini. Halafu akaacha ghafla.

"Wewe mtoto, ulikuja mbalamwezi."

"Nilikuja mchana, mama."

"Sikuulizi mchana! Nasema ulikuja wiki za mbalamwezi. Zote tatu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, wanavuliwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa inavuta nini? Boti zinapanda mchangani, wanaume wanashona nyavu, sisi tunapumzika. Hilo nalo ni la kukufundisha wewe?"

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyemletea samaki waliooza.

"Sasa mbona mliniambia nije wakati huo?" nilimjia juu. Nilikuwa na hasira, na hasira ikampata yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Tungekuita giza ili iweje? Ukae na nani? Tunaamka boti hazijafika, tunakimbizana na jua mpaka linazama, mvua ikitishia ndiyo usiseme. Mgeni ametoka mjini na madaftari yake, tumpokee na mikono ya dagaa? Tulikupa siku tulizokuwa nazo." Akarudi kwenye ungo wake. "Hata hapa nimekuja kwa sababu ni mbalamwezi. Ungeniona hapa kungekuwa giza?"

Nikachukua daftari langu la safari na kalenda ya simu, nikaingia chumbani kwa kisingizio cha kutafuta chaji. Safari ya kwanza, mwezi mpevu. Ya pili, siku mbili kabla yake. Ya tatu, siku moja baada yake. Nilikaa kitandani nikajitukana kwa lugha zote mbili ninazozijua vizuri.

Maana mgeni angesamehewa. Mtu wa Dar akija na fomu zake, akakosea mwezi, unamcheka unamwelekeza. Lakini mimi? Nimekua kwa mwezi ule. Mwaloni hatukuhesabu wiki, tulihesabu giza: deni litalipwa giza lijalo, harusi isubiri giza liishe. Kukiwa giza mama sikumwona kwa mwanga wa taa ya nyumbani. Alitoka na ndoo kabla sijaamka, na nilipomfuata baada ya shule nilimkuta ameinama mchangani, anageuza dagaa kwa viganja, mgongo umepata rangi ya vumbi. Mimi nilisubiri mbalamwezi kama watoto wengine wanavyosubiri sikukuu. Mbalamwezi mama alikuwa wangu. Aliniweka katikati ya magoti yake, akanisuka, akanichana nywele nikitikisika. Na wiki hizo hizo, pumziko hilo hilo walilonigawia kwenye mkeka, ndilo nililoliandika kwa Kiingereza kizuri kwamba ni uvivu. Sikutumia neno uvivu. Nilitumia neno refu zaidi, lakini ni hilo hilo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisini kwa mkuu wa idara kabla hajamaliza kufungua madirisha.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umetuma?"

Nikamweleza yote, hata la mama, ambalo sikuwahi kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza, "Unataka kufanya nini?"

"Nirudi mwaloni giza hili, nihesabu upya."

"Na kongamano?"

Nikageukia dirisha alilokuwa hajalifungua.

"Kongamano halimsubiri mtu aende mwaloni," alisema, bila ukali. "Kila utafiti una mapungufu yake. Weka sehemu ya mapungufu mwishoni, sema ulikwenda wakati boti hazivui, basi. Utakuwa umesema kweli, na utakuwa umetuma. Hizo hesabu nyingine ni andiko la pili."

Nilitoka nimepona. Niseme ukweli, nilimwona mtu mkubwa. Njia nzima ya kurudi Buswelu nilikuwa natunga sentensi hiyo kichwani, na ilitoka vizuri, ya mistari mitatu. Ilisema kwamba safari zote tatu ziliangukia wiki za mwezi mpevu, wakati uvuvi wa dagaa husimama, na kwamba kwa hiyo matokeo hayaonyeshi kazi ya wanawake hao ilivyo. Niliiandika saa nane na nusu. Andiko likaingia ukurasa wa saba.

Nikapunguza nafasi kati ya mistari, mfumo ukagundua ukakataa. Nikakata marejeo mawili, wapitiaji walikuwa wameyaomba, nikayarudisha. Saa tisa ikapita. Mama alikuwa uani anafua, anaimba chini chini, na kila wimbo wake ulinikera bila sababu. Saa kumi kasorobo nikawa nimebakiwa na vitu vitatu tu vya kuchagua: picha ya mkekani, aya ya shukrani, au sentensi yangu.

Shukrani zilisema hivi: nawashukuru wanawake wa mwalo kwa kunipa muda wao.

Nilitaka sana kusema kwamba kurasa ndizo zilizonishinda. Nimewaambia watu hivyo, na wameitikia kwa huruma, maana kila mwalimu wa chuo anazijua kurasa sita. Lakini picha ingetoka nafasi ingebaki, tena ya kutosha. Sikuitoa picha kwa sababu mpitiaji aliipenda. Na nilipoisoma sentensi yangu mara ya mwisho niliona kitu ambacho mkuu wa idara, kwa upole wake, hakukiona au alijifanya hajakiona: mtu yeyote mwenye akili akifika pale, andiko lote linaanguka. Haiwezekani kusema kurasa tano kwamba watu hawana kazi, halafu chini useme uliwaendea siku ya mapumziko. Na andiko likianguka, na mimi naanguka nalo.

Nikaifuta ile mistari mitatu. Shukrani nikaziacha. Ukurasa wa saba ukapotea wenyewe, safi kabisa. Nikapakia, nikasubiri kile kiduara kizunguke, bando likaniangusha mara moja, nikarudia. Saa kumi na dakika arobaini ujumbe ukaingia: andiko lako limepokelewa, asante. Nilifunga kompyuta nikaenda kunawa uso.

Mama akaingia na kapu la nguo, akanitazama kichwani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na huko utasimama mbele za watu na nywele hizo? Njoo hapa nikusuke. Leo nina nafasi."

"Macho yako, mama."

"Kusuka ni kwa vidole."

Tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, yeye juu, mimi chini katikati ya magoti yake. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya majabali, na upande wa pili mwezi unapanda, mkubwa, wa manjano. Nilikuwa sijasukwa na mama tangu niende chuo. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama nilivyovikumbuka, na harufu ya dagaa haijamtoka hata baada ya siku tatu za sabuni yangu.

Alisuka mistari miwili. Wa tatu ndipo akauliza, "Ile habari ya giza niliyokueleza umeiweka?"

"Nimeiweka."

Vidole vikasimama kidogo, kisha vikaendelea. "Vizuri," alisema. "Maana jana sikulala. Niliwaza, wenzangu watanionaje? Mtoto wangu mwenyewe. Wanakuulizia kila siku, tumesemwa nini huko, tumesemwa nini. Sasa nikirudi nitawaambia umetuandika vizuri." Akachana fungu jingine. "Tena njoo giza hili, wala usijali. Tutagawana, kila mmoja atakaa na wewe kidogo huku anaanika. Tutakupa muda."

Nikasema asante mama. Sauti ilitoka nyembamba, akadhani ni kichana kinaniuma.

"Nikikuumiza useme," aliniambia, akavuta msuko mpaka ngozi ya kipaji ikakaza.

Sikusema.