Ukurasa wa Mwisho wa Riwaya

Miaka ile ya uhaba, duka la vitabu pale Musoma lilikuwa na vijitabu vya kilimo cha pamba tu. Riwaya nzuri Nyamburi alizipata kwenye karanga. Muharami, muuza karanga wa Mwisenge, alinunua vitabu vikuukuu, akawa anachana ukurasa mmoja mmoja kufungia bidhaa yake.

Nyamburi alikuwa mshonaji, na karanga hakuzipenda. Alizitafuna kwa hasira wiki nzima ili ajue nani alimtilia sumu bibi harusi wa kwenye riwaya.

"Nipe kitabu chote, mharibifu wewe," alimwambia Muharami.

"Nikupe chote, halafu karanga anunue nani? Wewe hizi huzipendagi."

Jumamosi alikuta kitabu kimekwisha. Ukurasa wa mwisho, Muharami alisema bila haya, umeondoka sasa hivi na karanga za Mwanaupe.

Kati ya watu wote, Mwanaupe. Yeye na jirani huyo hawakuwa wamesalimiana tangu wagombane kwenye foleni ya sabuni. Nyamburi alikwenda hivyo hivyo. Alimkuta kibarazani, jiko la mkaa miguuni, ukurasa mkononi.

"Hodi, dada. Naomba hiyo karatasi ukimaliza."

 Mwanaupe alisoma polepole, midomo ikicheza, akageuza upande wa pili, akasoma mpaka chini. Kisha akaikunja karatasi, akaichomeka chini ya mkaa, akawasha kiberiti.

"Kumbe ni yeye," alisema, akipepea moto. "Hata mimi sikumdhania."