Saini ya Wakili Kelkar Mkononi mwa Datta

Dattaram Sawle amekuwa karani wa wakili Kelkar kwa miaka thelathini na mmoja. Namjua kwa sababu mimi hushona majalada ya kesi kwa sindano na uzi, barazani kando ya Mahakama Kuu ya Mumbai, na majalada yake yote yamepita kwangu. Ni mtu wa maneno machache kama mimi. Labda ndiyo maana tunaelewana.

Wakili anapokuwa amesimama mbele ya jaji, na hati inatakiwa kwenye dirisha la kupokelea hati kabla ya saa kumi na nusu, karani wake humtilia saini. Kila mtu anajua na hakuna anayelisema. Datta aliiandika saini ya Kelkar vizuri kuliko Kelkar mwenyewe. Siku moja karani wa dirishani aliikataa saini halisi. "Hii siyo," alisema. "Mpeni Datta aandike upya."

Kisha zikaja kanuni mpya, na kampuni za mawakili wa nje zikaruhusiwa kufungua ofisi mjini. Wangeshauri watu kuhusu sheria za kwao tu. Kusimama mahakamani au kuwasilisha hati kulikuwa marufuku. Kelkar hakutaka hata hicho kidogo. Alifunga kitambaa cheusi mkononi, akagoma siku mbili, akapiga kelele kwenye ngazi za mahakama mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo wateja wake wenye meli walihamia huko mmoja mmoja. Mvua za mwaka jana zilipoisha, kabati lake lilikuwa na kesi nne tu.

Hapo ndipo Datta alipoitwa na Mirchandani, msimamizi wa kampuni moja ya London. Walitaka mtu anayezijua ofisi za serikali. Datta alikwenda wakati wa chakula cha mchana, bila kumwambia Kelkar. Ana miaka hamsini na sita; baada ya Kelkar nani angemchukua?

Walimkalisha kwenye kiti chenye egemeo, wakampa chai isiyo na tangawizi na barua ya ajira. "Tia saini hapo chini, mjomba," Mirchandani alisema.

Datta akatia. Mirchandani akaisoma, akamtazama.

"Mjomba, wewe ni V. R. Kelkar?"

Mkono wake ulikuwa umekwenda peke yake, ukaandika ulichozoea. Datta aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mirchandani alicheka, halafu akaacha kucheka. Akafunga mlango, akatoa karatasi nyingine. Ilikuwa hati ya uwakili, ya kumteua Kelkar asimamie kesi ya mwenye meli mmoja, mteja wake wa zamani. Kesi ilipaswa kufunguliwa siku ileile, na hati haipokelewi bila saini ya wakili wa hapa.

"Mteja bado analiamini jina la mzee. Na wewe umeitia saini hii mara ngapi? Elfu kumi? Hii ni moja tu."

"Zile alikuwa anazijua," Datta alisema.

"Basi hata kazi hii hutaiweza."

Datta aliziomba karatasi zote mbili. Ile ya uwakili aliirudisha tupu. Ile ya ajira aliikunja, akaitia mfukoni, akatoka.

Jioni alimweleza Kelkar kila kitu, akiwa amesimama. Mimi nilikuwepo, nimepeleka jalada, na sikujua nitazame wapi.

Kelkar aliivaa miwani, akaisoma barua. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeajiriwa na Waingereza! Naanza lini, Jumatatu?" Alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza taratibu, "Na ile nyingine?"

"Sikuigusa, Saheb," Datta alisema, kwa jina la heshima alilomwitia siku zote.

Mzee aliikunja barua. "Sikasiriki kwamba ulikwenda, Datta. Hata mimi ningekwenda. Ila ulitaka kuondoka bila kuniaga?"

"Saheb angepiga kelele."

"Ningepiga. Kisha ningekuandikia barua ya kukusifu, pumbavu wee." Akavua miwani. "Baada ya sikukuu ya Diwali nafunga ofisi. Macho yamechoka, na kesi nne haziwezi kutulisha watu wawili. Wale wangekupa kazi, mimi sina ya kukupa. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na bado ulirudisha ile karatasi?"

Datta alichukua orodha ya kesi za kesho mezani, akaanza kuitafuta namba ya kesi yao.

Kesho yake tukinywa chai nilimuuliza kama anajuta. Nilidhani atakataa.

"Najuta, kaka," alisema. "Usiku sikulala, mke wangu hasemi nami. Lakini kama ningeiandika ile saini, leo ningepitaje mbele ya mlango wa mzee?"

Akaangalia saa. Kesi ya kwanza ilikuwa inaitwa saa tano, na Kelkar hakuwa na mwingine wa kumbebea vitabu. Akamwaga chai iliyobaki, akaondoka mbio.