Bei ya Mama Achieng

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Ugavi alinikabidhi fomu tatu, akanituma soko la Silibwet kutafuta bei za wilbaro za zahanati. Nilikuwa karani wa majaribio, mwenye viatu vipya na furaha tele. Kanuni ya manunuzi madogo ilikuwa rahisi: wauzaji watatu, kila mmoja ajaze bei yake bila kujua ya mwenzake, kisha aifunge kwenye bahasha. Kamati ilizifungua pamoja, na mwenye bei nafuu ndiye aliyeuza.

Nilianza kwa Mama Achieng, mwenye duka la vyuma, aliyehamia kwetu kutoka upande wa ziwa. Alijaza fomu nikimwangalia. Muuzaji wa pili akanikaribisha chai. Huku kwetu huwezi kunywa chai ya mtu kisha umnyime habari, kwa hiyo alipouliza yule mama ameandika ngapi, nilimwambia. Wa tatu naye alikuwa na chai. Huyo nilimwambia bei zote mbili.

Bahasha zilipofunguliwa, wa pili alikuwa chini ya Mama Achieng kwa shilingi tano, na wa tatu chini ya wa pili kwa tano nyingine. Afisa wa Ugavi akavua miwani.

"Kijana, ulikunywa chai wapi?"

Nikakiri yote.

"Hii yote tunafuta. Hao wawili tafuta wengine. Lakini kwa huyo mama utarudi, umwambie mwenyewe vile ulifanya. Akikataa kujaza tena, kazi hauna."

Mama Achieng alinisikiliza, mikono kiunoni.

"Bei yangu umetembeza soko mzima kama mbuzi! Haya, leta fomu. Na ugeuke uangalie ukuta."

Niligeuka. Alishinda kwa haki, nami nikabaki kazini. Tangu hapo, Kedowa, Kericho, popote nilipohamishiwa, nilibeba chai yangu mwenyewe na kuangalia kuta nyingi sana.

Siku hizi bei huingizwa kwenye kompyuta, ambayo haikaribishwi chai na mtu. Mimi nimestaafu, nachuma majani ya chai yangu Kimulot. Juzi nilikwenda kwa Mama Achieng kununua wilbaro. Aliniambia nigeuke. Nikageuka na mvi zangu zote, tukicheka. Akanipa wilbaro na bahasha iliyofungwa, nikaifungulie nyumbani.

Ndani aliandika: "Bure, mzee. Lakini usiambie mtu."

Na mimi hapa nimewaambia ninyi nyote.